Karatasi tatu kabla ya basi kuondoka

Julai, Alberta, Kanada

Katikati ya Julai jua la Edmonton huzama karibu saa nne usiku, na hata likishazama, mwanga haukatiki upesi. Ukitaka kuwajua wanaoibeba kambi ya vijana wa LGBTQ (wapenda jinsia moja, waliobadili jinsia na wengine kama wao) huku kaskazini, waache kwanza walioshika magitaa kando ya moto. Mtafute aliyejifungia ofisini na karatasi tatu mezani, anazilinganisha jina kwa jina.

Leo nawaza zaidi juu ya Camp fYrefly. Ilianzishwa mwaka 2004 na André Grace na Kristopher Wells wa Chuo Kikuu cha Alberta, siku chache tu za kiangazi, kwa vijana wa miaka 14 hadi 24. Baadaye ikafika mji wa Calgary na jimbo la Saskatchewan. Si bure kwamba ilizaliwa Edmonton. Hapo ndipo Delwin Vriend alipofukuzwa kazi katika chuo cha King's mwaka 1991 kwa kuwa anapenda wanaume wenzake, na ni kesi yake iliyoilazimisha Alberta, kwa hukumu ya Mahakama ya Juu ya Kanada ya 1998, kuwalinda watu kama yeye dhidi ya ubaguzi. Wells sasa ni seneta. Lakini wasomi wawili huweza kuanzisha kambi. Kuiendesha kambi yoyote ya namna hii ni kazi ya muuguzi, mpishi, dereva wa basi na kundi la watu wa kujitolea ambao majina yao hayaandikwi popote.

Nirudi kwenye karatasi. Fomu ya kujiandikisha huwa na jina lililo kwenye kadi ya matibabu na jina ambalo kijana anajiita. Kosa linalojirudia ni programu ya kompyuta kuchapa safu ya kwanza kila mahali: kwenye orodha ya basi, kwenye mlango wa banda, kwenye sahani ya mwenye mzio wa karanga. Kijana aliyengoja mwaka mzima kuitwa jina lake anaitwa lile jingine na dereva, mbele ya watu, kabla hata hajakaa kitini. Ndiyo maana orodha zinakuwa tatu. Ya muuguzi ina majina yote mawili na inafungiwa kabatini. Ya basi, mabanda na jiko ina jina moja tu, lile la kijana mwenyewe. Ya tatu wengi huisahau: jina la kutumia ukipiga simu nyumbani. Mguu ukivunjika saa sita usiku, anayempigia mama lazima ajue mama anamfahamu mwanawe kwa jina gani. Akikosea hapo, amefichua siri ambayo haikuwa yake.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu Desemba 2024, bunge la Alberta lilipopitisha sheria inayotaka mwanafunzi wa chini ya miaka 16 apate idhini ya mzazi kabla ya kutumia jina au kiwakilishi kipya (neno kama 'he' au 'she') shuleni, kwa sababu za kijinsia. Sheria hiyo ni ya shule, lakini kijana haiachi getini anapoingia kambini. Anafika akiwa ameshazoea kupima nani anaruhusiwa kujua nini.

Beji za shingoni huandikwa jina na kiwakilishi: 'he' cha kiume, 'she' cha kike, au 'they' kwa asiyetaka hivyo viwili. Hapa wanaotoka nyumba za Kiswahili, na Edmonton wapo, Wakongo, Warundi, Wakenya, wana kisa chao. Sisi tunasema 'anakuja' na yeyote anayekuja amekuja, hatuulizi zaidi. Mtu aliyekua hivyo huchanganya 'he' na 'she' hata akimtaja dada yake wa damu. Msimamizi mzuri anajua kutofautisha ulimi unaoteleza na ulimi unaochoma. Anasahihisha kwa neno moja, kisha anaendelea na mada.

Watu wa kujitolea huanza kutafutwa majira ya baridi, kwa kuwa cheti cha polisi cha wanaofanya kazi na watoto kinaweza kuchukua wiki kadhaa. Asiye nacho siku ya basi anabaki mjini, hata awe rafiki wa nani. Mtu mzima hakai peke yake na kijana mmoja chumbani. Wenye chini ya miaka 18 hawalali banda moja na waliokwishafika utu uzima. Kambi nyingine hugawa mabanda kwa wavulana na wasichana. Kambi za namna hii hugawa kwa umri, kisha kijana anaulizwa faraghani angelala wapi kwa amani. Naiona njia hii ni bora, ila inataka uulize mapema. Ukimuuliza kijana mlangoni, amebeba begi na wenzake wanasikiliza, atakubali lolote.

Muuguzi ndiye anayelala kidogo kuliko wote. Testosteroni, homoni ya kiume ambayo baadhi ya vijana waliobadili jinsia huchomwa, ni dawa inayodhibitiwa kisheria Kanada, kwa hiyo haiwekwi kwenye begi la kijana: inafungiwa kwa kufuli, inahesabiwa ikiingia na ikitoka, na kila dozi huandikwa. Haihitaji friji, ikipoa sana huweza kuganda chenga chenga ndani ya kichupa. Kinachosahaulika nyumbani mara nyingi si dawa, ni sindano, hivyo sanduku la akiba huwa na sirinji, sindano za kuvutia na za kuchomea, na kisanduku kigumu cha kutupia zilizotumika.

Halafu kuna fulana za kubana kifua, za vijana wasiotaka matiti yaonekane. Ushauri wa kawaida ni zisizidi saa nane kwa siku, zisilaliwe nazo, wala zisivaliwe kwenye mbio. Kambini hapo ndipo mambo huharibika: jua linachelewa kuzama, shughuli haziishi, na kijana ambaye kwao huivaa kwa kujificha anaivaa tangu asubuhi hadi usiku kwa furaha. Siku ya pili mbavu zinauma, pumzi ni fupi. Kukataza hakusaidii. Kinachosaidia ni kutangaza baada ya chakula cha jioni kwamba sasa ni muda wa nguo za kulalia kwa wote, wasimamizi wakiwa wa kwanza kuvaa fulana pana, na ziwani kila mtu kuogelea na fulana juu. Asiyetaka kuonekana mwili haonekani wa ajabu.

Moshi wa moto wa misitu nao una ratiba yake. Kipimo cha ubora wa hewa, ambacho kikipanda hewa ni mbaya zaidi, kikifika 7, michezo inaingia ndani. Wenye pumu wanaingia mapema zaidi. Dawa ya mbu isizidi asilimia 30 ya DEET, kemikali inayowafukuza.

Asubuhi ya kuondoka, dawa zinahesabiwa tena na karatasi za jiko zinachanwa. Simu hukaguliwa na wenyewe: picha gani ibaki, ipi ifutwe. Mlangoni pa basi huwekwa kisanduku cha beji, kwa kuwa beji iliyosahauliwa mfukoni hukutwa na anayefua nguo. Wengine huitumbukiza. Wengine huvua kiatu, wakaikunja chini ya soksi, wakapanda.