Kibanda cha nailoni, msimu wa tatu: nyanya zimevuka masika

Leo tarehe 9 Juni nimechuma kreti ya saba, na vichwa bado vina maua. Nyanya za kilimo hai, hapa Bahati, Nakuru, zimevuka masika bila kupuliziwa chochote! Misimu miwili iliyopita blaiti, ugonjwa unaounguza majani, ilinimalizia mistari yote kabla ya Mei kwisha. Nimeosha mikono tu nikaja kuandika.

Anayeuza mboga za kilimo hai anaijua hesabu hii. Mvua ile ile inayoangusha bei ya sukuma ndiyo inayopandisha ya nyanya. Aprili na Mei kila mtu ana sukuma nyuma ya nyumba, huku nyanya za nje zinaoza shambani na bei ya kreti pale soko la Wakulima inapaa. Januari na Februari mambo yanageuka: nyanya za umwagiliaji zinajaa sokoni, sukuma inakauka. Kikapu changu cha mboga cha kila wiki kina bei moja mwaka mzima, na mteja haniachi kwa sababu ya bei. Ananiacha nikimletea wiki tatu mfululizo bila nyanya.

Sasa blaiti. Kibanda kilizuia mvua tangu mwaka wa kwanza, na bado majani yaliungua. Nikalaumu mbegu, nikabadilisha mbegu. Mwaka wa pili nikafunga pande zote nne kwa nailoni nikidhani upepo ndio unaoleta ugonjwa kutoka kwa viazi vya majirani. Ni kweli unaleta, kwa kuwa blaiti ya viazi na ya nyanya ni moja, na huku kwetu viazi haviishi. Lakini kijimbegu cha ugonjwa kikitua kwenye jani kavu hakifanyi kitu. Kinataka jani libaki na maji kwa saa kadhaa, na usiku uwe wa baridi.

Nilikuja kuelewa Machi, saa kumi na moja alfajiri, nikiwa na tochi. Nailoni ilikuwa inadondosha matone kwa ndani, moja kwa moja juu ya majani. Mvuke wa udongo ulikosa pa kutokea. Mvua niliyoizuia nje nilikuwa nimeitengeneza ndani kwa mikono yangu!

Siku hiyo hiyo nikang'oa kuta zote. Fundi akainua paa katikati kwa sentimita 60 na kuacha upenyo juu, ili hewa itoke na matone yateleze hadi ukingoni. Nikatoa majani yote chini ya kichala cha kwanza, na maji ya dripu, yale ya mipira inayodondosha shinani, nikayafungua asubuhi tu. Kupima, nilining'iniza vipande vya tishu kati ya miche nikavigusa kila alfajiri. Kabla ya paa kuinuliwa vilikuwa chapachapa hadi saa mbili. Baadaye, saa kumi na mbili na nusu nakuta vimekauka. Nimejaza kurasa tisa za daftari kwa habari za tishu.

Kwa anayejenga: nunua nailoni ya shamba yenye kinga ya jua, yenye unene wa maikroni 200. Ile ya ujenzi inachanika mapema, utalipa mara mbili. Kipimamvua cha plastiki kinanifaa kuliko utabiri wa simu, ambao unasema Nakuru mjini kukavu wakati huku mlimani tunalowa. Dawa ya blaiti yenye kopa, yaani madini ya shaba, inaruhusiwa kwa masharti katika kilimo hai, najua, ila shaba hujikusanya udongoni, na udongo huu nataka kuwaachia watoto.

Mpango ulikuwa kibanda cha pili mwezi Julai. Nimeuacha. Paa langu ni mita 8 kwa 15, yaani mita mraba 120, na kila milimita ya mvua ni lita 120. Usiku mmoja wa Mei kipimamvua kilionyesha milimita 30: lita 3,600 zikaenda njiani kwa jirani. Hizo zingekuwa sukuma yangu ya Februari! Kwa hiyo pesa zinaenda kwenye mifereji ya paa na bwawa, tena la kutandikwa nailoni, maana udongo wetu wa volkano hauwezi kushika maji.

Nimeshachimba futi mbili. Upande wa juu nimegonga jiwe. Jirani amesema, "Kuja uchukue mtaimbo kesho mapema, kabla sijaenda Njoro."