Hukumu za mkekani

Watu wengi wakitoa maoni kuhusu filamu siku hizi huanza na nyota. Nne kati ya tano, saba kati ya kumi. Halafu inafuata "uigizaji mzuri, picha safi, stori inaenda taratibu", basi, wamemaliza. Nikisoma maoni kama hayo sielewi kama mwenzangu alilia, alisinzia, au alikuwa jikoni anakaanga maandazi. Nyumbani kwetu, mkekani mbele ya luninga, hakuna anayetoa nyota. Wanatoa hukumu. Mimi nimezoea kuyaandika maneno yao humu kabla hayajapoa, na leo nimekaa kuyasoma ya wakati ule wa Sultan.

Kama kuna aliyepitwa: ni tamthilia ya Kituruki, kwao inaitwa Muhteşem Yüzyıl, ilirushwa Uturuki kuanzia 2011 hadi 2014. Vipande vyake vya asili ni 139, kila kimoja kirefu kama filamu nzima. Sisi tuliipata Azam ikiwa imeshatiwa sauti za Kiswahili, na nadhani hapo ndipo ilipotuingia mwilini. Mtu akigombana kwa Kiswahili sebuleni kwako huwezi kumwona mgeni. Ni kisa cha Suleiman aliyetawala Milki ya Osmani kuanzia 1520 hadi 1566, na Hurrem, mjakazi aliyeletwa kutoka upande wa Ukraine ya leo akaishia kuwa mke wa Sultani. Katikati yao yupo Mahidevran, mama wa Mustafa, mwana wa Suleiman, na yupo Ibrahim Pasha, swahiba wa Sultani aliyepandishwa mpaka akawa waziri mkuu.

Shangazi hakumpenda Ibrahim tangu siku ya kwanza. "Mtu anayemganda mfalme namna hii ana lake jambo." Msimu mzima alimwombea anguko. Anguko likaja: Machi 1536, mwezi wa Ramadhani, Ibrahim aliitwa kasri akafuturu na Sultani, akalala hukohuko, usiku akanyongwa. Nilidhani shangazi atapiga vigelegele. Badala yake alivua miwani akaiweka juu ya kisimbuzi. Nimemnukuu neno kwa neno: "Umefuturu na mtu, umemtandikia alale kwako, halafu unamtumia wanyongaji? Hata angekuwa mwizi, si usubiri kukuche?" Kuanzia usiku ule Ibrahim alisamehewa yote na Suleiman akaingia kwenye daftari baya. Halikumtoa tena.

Mchambuzi mwenye kalamu angetuambia kuhusu mwanga wa mishumaa na muziki. Ni sawa, mishumaa ilikuwepo. Lakini uzito wa tukio lile umekaa kwenye futari. Shangazi, ambaye hajawahi kusoma ukurasa mmoja kuhusu utunzi wa tamthilia, aliugusa pale pale, kwa sababu anajua mgeni aliyekula kwako ni nani.

Kwa Mustafa mambo yalikuwa mengine. Huyu alikuwa mtoto wa nyumba nzima. Binamu yangu na mimi tumekulia kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi na jasho la watu, na sheria ya kibanda ilikuwa moja: stelingi hafi. Akipigwa risasi ni ya bega. Akianguka korongoni kuna mti wa kumdaka. Kwa hiyo binamu alipoperuzi kwenye simu akakuta kwamba Mustafa wa kweli aliuawa 1553, ndani ya hema la baba yake, jeshi likiwa njiani kwenda kupigana na Waajemi, alitutangazia kwa sauti ya mtu aliyeleta habari za msiba. Hakuna aliyemfokea kwamba ametuharibia. Kwetu watu hutaka kuambiwa. "Anakufa? Niambie tu nijue moja." Kwa hiyo tulijua. Na bado, wiki zote zilizofuata, shangazi alikuwa anamwambia Mustafa asiende. "Usiingie hemani, mwanangu. Geuza farasi."

Hilo limenifikirisha sana. Tunaambiwa utamu wa hadithi ni kutojua mwisho. Shangazi alijua mwisho, alijua na mwaka, na aliumia kuliko mimi niliyekuwa nahesabu vipande. Na hakuwa peke yake. Kipande cha kifo cha Mustafa kiliporushwa Uturuki, Februari 2014, watu walimiminika Bursa kwenye kaburi lake kumwombea dua. Marehemu wa zaidi ya miaka 450! Walijua fika kwamba aliyekufa kwenye luninga ni mwigizaji, tena jioni ile labda alikuwa anakula mahali na wenzake. Walikwenda hivyo hivyo. Ningekuwa mtunzi wa tamthilia ile ningeweka tuzo zote kabatini na picha ya foleni ile ukutani.

Walikuwepo waliokasirika pia. Erdoğan, wakati huo akiwa waziri mkuu wa Uturuki, mwaka 2012 aliisema hadharani, kwamba Suleiman wanayemjua wao alimaliza miaka 30 juu ya farasi, si kwenye vyumba vya wanawake. Kuna mzee mmoja mtaani kwetu, hodari wa tarehe za Kiislamu, alisema karibu yale yale bila kumsikia Erdoğan: "Hawa wamemfanya khalifa mtu wa kuchungulia mapazia." Hoja yake ina nguvu. Vita vya Belgrade, Rhodes na Mohács vinapita haraka, ugomvi wa wake unachukua jioni tatu. Ila mzee huyohuyo alikuwa anapita kwetu kila siku saa ya Sultan, akisema amekuja kuulizia maji, na hakuondoka mpaka majina yameanza kupanda kwenye kioo.

Sasa Hurrem. Meryem Uzerli aliyemwigiza aliacha mwaka 2013, na msimu wa nne ukaja na Vahide Perçin, mwanamke mwingine kabisa kwa sura na umri. Sebule iligoma. Dada alisema wamemtia mchawi kwenye kiti cha Hurrem. Shangazi alikataa hata kumtaja kwa jina, akawa anamwita "yule aliyeletwa". Mimi niliandika usiku ule, na leo bado nasimamia, kwamba yule mpya ndiye aliyenipa Hurrem ninayemwogopa. Wa kwanza alikuwa anacheka, na kicheko chake kilimfanya umsamehe kila kitu. Wa pili hakuhitaji kusamehewa. Akisimama tu dirishani unajua kuna mtoto wa mtu hatafika Ijumaa. Kwa mwanamke aliyeanza na utumwa na sasa analinda shingo za wanawe, niliona inafaa iwe hivyo. Nilipomweleza shangazi, alinitazama kwa huruma. "Wewe unatazama na vitabu."

Labda. Maana kuna siku mkeka wetu umeniangusha. Tulitazama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ile ya 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, Unguja ya miaka ya hamsini, mapenzi ya Yasmin na Denge. Binamu, aliyeisoma riwaya akiwa kidato cha tano, alilalamika mwanzo hadi mwisho kwamba hiki kimeachwa na kile kimeachwa. Shangazi akasema picha ni nzuri, mji unapendeza, ila watu wanaongea kidogo mno, "kama wamegombana na mtunzi". Mimi naipenda kwa ule ukimya wenyewe. Mkeka una sikio kubwa kuliko jicho. Watu wakinyamaza, hukumu inakosa ushahidi.

Filamu ile ilizaa mjadala mwingine ambao haujaisha mpaka leo. Shangazi aliuliza: kama Waturuki wametengeneza ya kwao, ya Seyyida Salme iko wapi? Binti wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa 1844, akajifundisha kuandika mwenyewe kwa siri, na kwenye fitina ya 1859, kaka zake Majid na Barghash wakigombea kiti, akawa mwandishi wa barua za upande wa Barghash akiwa binti wa miaka kumi na mitano. Halafu 1866 akaondoka Unguja na mimba ya Mjerumani, Heinrich Ruete. Hakuna kamera iliyowashwa, hakuna mwigizaji aliyechaguliwa, na sebuleni wameshagawanyika. Dada anasema Salme ndiye stelingi, na akipewa mwigizaji mbaya yeye hatatazama. Mzee wa maji anataka kwanza ijulikane kama suala la dini litaguswa kwa adabu. Shangazi ameshatoa hukumu. "Wa kulaumiwa ni Barghash. Mtoto anajua kalamu, wewe unamwandikisha barua za vita, mkishindwa unamwacha na laana za ukoo."