Kumbukumbu ya mradi wa kikoba: saa niliyoipeleka mwaka 2028

Programu ninayoitengeneza ya kutunza hesabu za kikoba chetu hapa Moshi sasa inatoa stakabadhi vizuri, ila swali moja lilikuwa limebaki: mkopo uliotolewa tarehe 31 Januari, marejesho yake ya kwanza yataangukia tarehe gani katika mwaka mrefu? Kwa kuwa sikuwa na subira ya kuungoja mwaka 2028, niliamua kuisogeza mbele saa ya kompyuta yenyewe.

Mara ya kwanza saa ilijirudi, kwa sababu huduma inayoilinganisha na seva za intaneti ilikuwa ingali inafanya kazi. Niliizima, nikaweka 28 Februari 2028, saa 5:55 usiku, nikakaa kuitazama siku ikigeuka. Jumanne tarehe 29 ilijitokeza kwenye skrini pamoja na marejesho yake, nami nikafurahi kwa dakika mbili hivi.

Nilichosahau ni kwamba saa 6 kamili usiku ndipo huamka kazi niliyoiandika mwenyewe ya kufuta nakala rudufu zenye umri wa zaidi ya siku 30. Kwa hesabu yake, hata nakala ya jana ilikuwa imezeeka, hivyo ikazifuta zote. Wakati huohuo programu iliwaona wakopaji wote kuwa wamechelewa, ikaanza kuwaandikia faini, akiwemo mweka hazina, mama ambaye hajawahi kuchelewa hata siku moja. Kivinjari nacho kilikataa kufungua tovuti kikidai kwamba vyeti vya usalama vimekwisha muda.

Kuirudisha saa hakukurudisha kitu. Faini zilibaki na tarehe zake za 2028, zikikaa juu ya kila orodha. Niliokolewa na flashi yenye nakala ya Jumapili, na malipo ya siku nne zilizofuata nikayanakili upya kutoka kwenye daftari la mweka hazina, aliyeniuliza, "Mwanangu, hivi daftari lina kosa gani?"

Sasa ninatumia faketime, programu ndogo ya Linux inayoidanganya programu moja tu kuhusu tarehe, huku mashine nzima ikibaki na saa yake ya kweli. Aidha, ninaondoa katika msimbo kila mahali panapouliza tarehe moja kwa moja kwenye mfumo, ili tarehe ipitie mlango mmoja ninaoweza kuupa siku niitakayo. Mahali 9 bado. Jaribio linalofuata ni la 19 Januari 2038, saa 12:14:07 asubuhi kwa saa za hapa, sekunde ya mwisho ambayo mifumo inayohesabu muda kwa biti 32 inaweza kuihesabu, na flashi nitakuwa nimeichomoa.