Mota ya Mama wa Upanga

Mota ile ya mashine ya kufyonza vumbi ilikuwa imeshahukumiwa kabla haijafika kwetu. Fundi mmoja wa jirani aliiangalia juu juu, akasema imeungua, haina dawa ila kusukwa upya, yaani kuviringishiwa waya mpya. Mwenye mali, mama mmoja wa Upanga, nesi mstaafu, akamwuliza bei. Alipotajiwa hakujibu kitu. Akaifunga mashine yake kwenye khanga, akaita teksi, akaja nayo Gerezani kwa mjomba wangu.

Ilikuwa miaka ile ya mgao wa umeme, mwanzoni mwa tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nasubiri majibu, na mama yangu akanipeleka kwa kaka yake nisishinde kijiweni. Nilikuwa naosha beringi kwa petroli, nafagia, nafuata chai. Mjomba alikuwa anasuka mota za kila namna: pampu za maji, feni, drili, mashine za kusaga. Mashine ya kufyonza vumbi ilikuwa nadra kuingia pale. Nani wa Dar es Salaam ya wakati ule alikuwa na zulia la kuhitaji mashine? Watu walikuwa na mikeka. Unautoa nje, unaukung'uta, yamekwisha.

Huyu mama zulia alikuwa nalo. Alisomea unesi Uingereza miaka ya sitini, na aliporudi alikuja na zulia lake na Hoover Junior yake, ile ya kusukuma kwa mpini mrefu, mfuko wa kitambaa unaning'inia nyuma. Kibao chake cha chuma kilikuwa kimeandikwa Perivale, Greenford, Middlesex. (Kiwanda hicho cha magharibi mwa London kilifunguliwa mwaka 1933. Mashine hazitengenezwi tena pale, lakini jengo lake jeupe lingali limesimama, na nyuma yake sasa kuna supamaketi. Nililipita miaka mingi baadaye nikiwa ndani ya basi, nikacheka peke yangu.)

"Shikamoo mama," mjomba alimpokea.

"Marahaba. Fundi ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Haya. Nipe kigoda. Nitakaa hapa mpaka umalize."

"Mama, kazi hii inaweza kulala."

"Ikilala nitarudi kesho nikae tena. Nawajua nyinyi. Mtu anawaachia kitu kizima, anarudishiwa ganda."

Hakuwa anasingizia. Pale mtaani kulikuwa na mafundi ambao mota iliingia na waya wa shaba ikatoka na waya wa alumini. Mjomba akacheka, akampa kigoda chake mwenyewe.

Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuinamia mashine na kunusa. Mota iliyoungua ina harufu yake, ya vanishi iliyochomeka, ukishaijua hupotei tena. Hii ilinuka vumbi na nywele zilizoungua. Akachukua mita, akapima koili: nzima. Kisha akaushika mhimili akauzungusha kwa vidole. Ulizunguka kwa kukwaruza, ukawa kama una kitu kinachougomea mahali pamoja.

Nikaanza kufungua skrubu na kuziweka chini kwenye gazeti, kama tulivyozoea. Yule mama akaguna. Akaomba sinia la chai, akalipangusa kwa leso, akaliweka magotini pake. Kila skrubu niliyoitoa akaipokea na kuipanga kwa mfuatano wa kutoka kwake, za mfuniko huku, za mota kule. Maisha yake ya kazi yalikuwa chumba cha upasuaji, kuhesabu mikasi na pamba kabla mgonjwa hajashonwa. Mjomba alianza kunyoosha mkono bila kugeuza kichwa, akasema "bisibisi bapa," na bisibisi ikatua kiganjani, mpini mbele. Mimi msaidizi wa halali nikabaki na tochi.

Kwenye mashine za aina ile, uchafu wote unapita kwenye feni kabla ya kufika kwenye mfuko. Vumbi, nywele, nyuzi, chochote kilichonyofolewa na brashi kinagongana na feni kwanza. Tulipofungua tumbo lake tukakuta donge la nywele na nyuzi za zulia limekaza shingoni mwa mhimili, pini mbili za nywele, na chini kabisa thumuni, ile senti hamsini ya sungura. Mjomba akaigeuza geuza. Halafu akamulika feni. Panga lake moja lilikuwa limemeguka ncha.

"Mwizi wetu huyu hapa," akasema.

Mama akaitazama ile sarafu. "Hiyo siku hizi hainunui hata pipi."

"Lakini imekula mota, mama."

Akaanza kutueleza, na nadhani alikuwa anaeleza kwa ajili yangu kuliko kwa ajili ya mteja. Mota ya kufyonzea vumbi ni ndugu ya mota ya drili. Umeme unapita kwenye koili za pembeni, kisha unaingia kwenye amecha, ile sehemu ya kati inayozunguka, kwa njia ya kaboni mbili zinazosukumwa na springi. Kaboni hizo zinasugua komyuteta, ile pete ya vipande vya shaba, huku mota inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Feni ikimeguka upande mmoja, uzito haulingani, mhimili unatetema, kaboni zinarukaruka badala ya kulala kwenye shaba. Kila zikiruka, cheche. Cheche zinaunguza shaba, shaba iliyoungua inazidisha cheche. "Hii hata ningeisuka kwa waya wa dhahabu," akasema, "ingerudi hapa."

Kweli komyuteta ilikuwa nyeusi tititi, na kaboni zimebaki vishina. Mjomba akapima vipande vya shaba kimoja baada ya kingine, jirani na jirani, vyote vikasoma sawasawa. Amecha ilikuwa salama. Akaing'arisha kwa msasa laini wa mbao. Ule mweusi wa chuma alikataza, maana unga wake unaweza kupitisha umeme ukibaki kwenye mianya. Mianya yenyewe akaikwangua kwa kipande cha msumeno wa chuma kilichovunjika, taratibu, mpaka kila kipande cha shaba kikasimama peke yake.

Kaboni za Hoover hazikuwepo, si Gerezani wala Kariakoo nzima. Nikatumwa kununua za drili, kubwa kuliko zinazotakiwa, na kazi ya kuzipunguza ikawa yangu. Unatandaza msasa juu ya kioo, unaisugua kaboni kwa kuibana na vidole vitatu, upande huu kidogo, upande ule kidogo, usiipindishe. Unajaribu kwenye nyumba yake. Ikibana, itanasa na kuacha kushuka inapolika. Ikilegea, itacheza, na umerudi kulekule kwenye cheche. Inatakiwa iteleze yenyewe ukiiachia. Vidole vyangu vilikuwa kama vya muuza mkaa. Zilipoenea, mjomba akauviringisha msasa kwenye komyuteta, sura nje, akaziacha springi zikandamize kaboni, akauzungusha mhimili kwa mkono mpaka ncha zake zikachongeka mviringo ule ule wa shaba. Akapuliza unga, akatazama, akanipa nione. Zilikuwa zimelala pima.

Mengine hayakuchukua muda. Beringi zilioshwa na kutiwa grisi mpya. Panga la feni lililo mkabala na lile bovu likapigwa tupa kidogo kidogo mpaka feni ikatulia popote ilipoachiwa. Kapasita ya kuzuia makelele ya redio, iliyopasuka kwa uzee, ikatolewa na kuwekwa nyingine. Waya wa nje, uliokuwa unamomonyoka mpira ukiukunja, tukautupa.

Skrubu zikarudi kwa mfuatano wa sinia, haikubaki hata moja. Mjomba akashika plagi. Umeme ukakatika.

Tukakaa. Mama akaagiza chai na maandazi kwa wote, akamhoji mjomba ana watoto wangapi na kwa nini bintiye hajaanza shule. Umeme uliporudi jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Mjomba hakuichomeka moja kwa moja. Aliipitisha kwanza kwenye bulbu iliyoungwa njiani. Bulbu ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti. Iliwaka hafifu, na mota ikaanza kuzunguka kivivu. Ndipo akaipa umeme kamili. Ikanguruma mtaa mzima ukageuka. Pale kwenye kaboni palikuwa na vicheche vya buluu vidogo sana.

Mama alishasimama, ameshika mpini, anataka kuanza na sakafu yetu.

"Hapana mama, hapana!" Mjomba alirukia swichi. "Hapa chini ni unga wa chuma mtupu. Utaimaliza feni leo leo!"

Basi tukahamia duka la jirani, la nati na bolti, ambalo mwenyewe alikuwa na kizulia chini ya meza. Mama akakipitisha mara mbili, akafungua mfuko, akamwonyesha mwenye duka alichokuwa anakikanyaga. Yule bwana akashika kichwa. Kisha akavuta meza pembeni na kusema, kwa adabu zote, kwamba ndani kuna zulia jingine.

"Lipa teksi yangu ya Upanga," mama akamjibu, "nikumalizie na hilo."