Siku moja maishani mwangu: fundi wa tovuti, Mwanza

Saa 12 asubuhi chai, kisha daladala ya Buhongwa hadi mjini. Saa 2 niko mezani: barua pepe, nakala za akiba, domeni (majina ya tovuti) za wateja za kulipia.

Saa 4. Mzee mwenye nyumba ya wageni Kirumba anataka picha zibadilike zenyewe juu ya tovuti yake, moja ikififia nyingine ikijitokeza. Wengi huniambia, "Si unabandika picha tu?" Hapana. Picha zote zinalaliana mahali pamoja, kila moja na namba yake: 0 haionekani, 1 inaonekana kamili. CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa tovuti, inaipandisha picha mpya taratibu kutoka 0 hadi 1. Ya chini naiacha kamili mpaka ifunikwe, maana zikififia zote mbili kwa pamoja, rangi ya nyuma huchungulia katikati. JavaScript, lugha ya kuipa tovuti vitendo, inahesabu sekunde na kuita inayofuata, ambayo lazima iwe imeshapakuliwa kabla ya zamu yake.

Hiyo niliimaliza mapema. Kilichonila siku ni picha zenyewe.

Mzee alizituma WhatsApp kama picha za kawaida, zikabanwa njiani, Jiwe la Bismarck, lile la ziwani, likawa ukungu mtupu. Nikampigia.

"Shikamoo mzee. Naomba uzitume upya kama dokyumenti."

"Marahaba. Kijana wangu, si ni zilezile?"

Nikamweleza. Akatuma video. Nikamweleza tena. Umeme ukakatika, nikaendelea na chaji ya laptopu. Zilipofika halisi ilikuwa saa 8 imepita: picha 12, kila moja kama MB 5. Mgeni aliye kwenye basi na bando la siku hawezi kusubiri MB 60 ili aone kitanda! Nikaomba tubaki na tano. Akakataa, kila chumba kina haki yake, na boti ya kisiwa cha Saanane lazima ionekane. Tukakubaliana sita. Nikazikata zote kwa umbo moja, nyingine zilipigwa wima, nikazipunguza mpaka zote kwa pamoja zisifike MB 1.

Sijui ilikuwa saa ngapi aliposema zinakwenda polepole. Nikaongeza kasi. Sasa zinakimbia, maneno hayasomeki. Nikarudisha. Halafu akauliza kitufe cha kusimamisha ni cha nini, kinaharibu sura. Hapo sikulegeza: wapo wanaopata kizunguzungu kitu kikijiendea chenyewe mbele ya macho, na wapo wanaosoma taratibu. Simu iliyowekwa kupunguza miondoko inaonyeshwa picha moja iliyotulia. Nilimwambia kwa heshima, lakini kitufe kimebaki.

Macho yananiwasha na mgongo umekaza, ila picha zinapokezana vizuri hata kwenye simu ya bei nafuu.

Nikiwa kwenye daladala ya kurudi, mzee ananitumia sangara mkubwa aliyeshikwa na watu wawili. "Hii iwe ya kwanza." Imekuja kama dokyumenti, kali mpaka magamba yanaonekana moja moja. Kesho naiweka.