Wasifu wa mwalimu wa kijiji

Jumapili, jioni

Kizazi cha walimu wa UPE, ule mpango wa Tanzania wa elimu ya msingi kwa wote, kinatutoka. Kijana aliyemaliza darasa la saba akaingizwa kwenye ualimu mwaka 1976 akiwa na miaka 18, leo anakaribia 70, na turubai zinafungwa nyumbani kwao mmoja baada ya mwingine. Ratiba ya mazishi ikifika kwenye wasifu, anasimama mtoto au mpwa na karatasi yake: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alistaafu, alikuwa mcheshi na mtu wa watu, aliugua, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Dakika tatu. Miaka thelathini na kitu ya ubaoni imeishia hapo, na kijiji alichokifundisha kusoma kinarudi majumbani bila kusikia alichokifanya.

Linauma, kwa sababu vijiji vingi havina historia nyingine iliyoandikwa. Ile karatasi ndiyo historia.

Tatizo kubwa ni muda. Wasifu unaachiwa usiku wa kuamkia mazishi, wakati kamati inahangaika na jeneza, gari na chakula. Aliyepewa kazi anaomba wasifu wa marehemu mwingine kwenye simu, anabadilisha majina. Kwa Waislamu muda ni mfupi zaidi, maana maiti husitiriwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Maelezo marefu ni heri yasubiri hitima. Penye siku mbili tatu, kamati iteue watu wawili tangu jioni ya kwanza: mmoja wa ukoo na mmoja aliyefundisha naye. Wa ukoo ana majina ya wazazi, ndoa na watoto. Mwalimu mwenzake anajua vituo vya kazi, na huko ndiko wasifu nyingi zinakosea.

Familia iombwe faili la marehemu. Walimu wa umri ule walitunza karatasi: barua ya ajira, barua za uhamisho, barua za kupandishwa daraja, cheti cha ualimu, ya mwisho ikiwa ile ya kustaafu. Zipangwe kwa tarehe, mapengo yataonekana yenyewe. Ikisemwa alihamia shule fulani mwaka 1984 na barua inasema 1987, ifuatwe barua. Vyeo navyo viandikwe sawasawa: shule ya msingi ina Mwalimu Mkuu, sekondari ina Mkuu wa Shule, na walimu waliokaa pale chini ya mwembe wanasikia kosa hilo mara moja. Wengi wa UPE walianza Daraja C, wakapanda B, wengine wakarudi chuoni wakapata A. Kila ngazi ilitafutwa usiku, kwa kusoma na kibatari baada ya kazi. Kuandika tu “alikuwa mwalimu wa Daraja A” ni kumnyang'anya safari yenyewe.

Mipaka ya mikoa nayo inawachanganya waandishi. Aliyezaliwa Njombe mwaka 1953 hakuzaliwa mkoa wa Njombe, maana mkoa huo umeanza 2012, pamoja na Geita, Katavi na Simiyu. Itajwe wilaya au kijiji, kisha iongezwe “ambayo sasa ipo mkoa wa...”. Wazee zaidi kidogo walisoma hadi darasa la nne au la nane. Darasa la saba lisiandikwe kwa mazoea.

Sasa kazi yenyewe. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977, na vyuo havikuwa na walimu wa kutosha hata kidogo. Ndipo vijana wa darasa la saba wakachukuliwa, wakajifunza ualimu vijijini kwao kwa masomo ya posta na redio, huku tayari wanafundisha. Mitaani UPE ikageuzwa kuwa “Ualimu Pasipo Elimu”. Walivumilia jina hilo miaka mingi, na wasifu ndio mahali pa kulijibu, kwa hesabu. Jioni wengi wao walishika pia madarasa ya watu wazima. Upimaji wa taifa wa kisomo ulifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1975, na hadi ule wa 1986 wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi karibu mtu 1 kati ya 10, kutoka karibu 7 kati ya 10 mwaka 1967. Takwimu hiyo ya taifa ilijengwa na mama fulani aliyejifunza kuandika jina lake kwa mwalimu huyu. Akiwepo msibani, atafutwe, na jina lake litajwe kwa ruhusa yake.

Kumtafuta si kazi ngumu, ila namna ya kuuliza ina maana. Ukiuliza “marehemu alikuwa mtu wa namna gani?” utajibiwa “mtu wa watu”. Uliza alikuwa akisimama wapi anaposoma imla. Uliza mvua ikinyesha juu ya bati na sauti haisikiki, alifanya nini. Uliza nani hakuwa na sare na nani aliishona. Hapo mtu ananyamaza kidogo, anaangalia chini, halafu anaanza kueleza, na sentensi yake iandikwe kama alivyoitamka. Tatu za namna hiyo zinatosha.

Wengine watakumbuka fimbo. Si lazima isomwe mbele ya jeneza, lakini sifa zisiipake rangi pia. Ukiandika “hakuwahi kumwadhibu mtoto” na mbele yako wamekaa watu wazima 200 waliochapwa, hata yaliyo kweli hayatasadikika.

Uongozi wake usiishie kwenye “alishiriki shughuli za maendeleo”. Mara nyingi mwalimu ndiye aliyeshika kalamu ya kijiji: mihtasari ya mkutano mkuu, barua za kuomba bomba, orodha ya nguvukazi ya kujenga zahanati. Taja kisima kipo wapi, kilichimbwa mwaka gani, alifanya nini hasa. Kama alikuwa mjumbe tu, aandikwe mjumbe.

Maneno 500 yanatosha. Kwa sauti ya msibani, yenye kusita, ni kama dakika tano au sita. Yachapwe kwa maandishi ya ukubwa wa 14, nafasi ya mstari na nusu, kurasa zihesabiwe namba kwa sababu upepo hupeperusha. Msomaji wa akiba akae karibu akiwa na nakala yake. Mtoto wa marehemu anaweza kushindwa kwenye aya ya kwanza, na hiyo siyo aibu. Sehemu ya watoto na wajukuu isomwe kwanza mbele ya wakubwa wa familia, usiku. Mtoto wa nje aliyesahaulika kwenye karatasi huondoka na jeraha lisilopona.

Baada ya mazishi zibaki nakala tatu: nyumbani, ofisi ya kijiji, na shuleni, ndani ya logibuku. Kitabu hicho ndicho chenye tarehe ya bati kuezuliwa na upepo, idadi ya madawati yaliyopokelewa, siku alizokuja mkaguzi, na mwandiko wa marehemu mwenyewe kwa wino wa bluu uliofifia, mistari imenyooka kana kwamba aliweka rula chini yake. Vingi vipo kabatini, rafu ya chini, vimeegemea ukuta ambako mchwa hupanda. Mwalimu Mkuu wa sasa akiruhusu, kitabu kitolewe nje asubuhi, kiwekwe penye kivuli karibu na mlango, kila ukurasa upigwe picha kwa simu bila taa yake, kuanzia jalada. Kikirudishwa, kiwekwe rafu ya juu.