Nilivyotengeneza filamu ya mapenzi Busia bila mtu kushikwa mkono

Watu wa Busia wanajua kupenda, ila hawapendi kuonekana wakipenda. Hili nimelijua tangu utotoni, lakini nililisahau siku nilipoandika ukurasa wa kwanza wa filamu yangu, maana ukurasa huo ulianza kwa busu.

Hadithi niliipata mwaka 2020. Machi ile Uganda ilipofunga mipaka kwa sababu ya korona, malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita, abiria hawakuruhusiwa. Gunia la mahindi lilivuka, mwenye gunia akabaki. Mji wetu una nusu mbili, moja Uganda na nyingine Kenya, na zote zinaitwa Busia, kwa hiyo ilikuwa kama mtu amejenga ukuta katikati ya sebule yako. Nikawa najiuliza: kijana wa baiskeli aliyezoea kuvusha watu kutwa nzima, na msichana wake yuko ng'ambo, analala vipi?

Baiskeli sikuichagua ovyo. Bodaboda jina lake limetokana na neno la Kiingereza la mpaka, na wazee wa hapa wanajivunia kwamba mchezo wote ulianzia huku kwetu, vijana wa miaka ya 1960 walipokuwa wakibeba abiria kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Pikipiki zimekuja zikachukua jina na wateja. Baiskeli bado zipo, zenye kiti cha sponji nyuma, na nilitaka zionekane kabla hazijaisha.

Pesa nilizokuwa nazo ni shilingi 800,000 za Uganda, za kuuza mbuzi na za kupiga picha za harusi kwa miezi mitano. Kamera ilikuwa ile ile ya harusi. Mwendesha baiskeli nilimpata upesi: anauza vocha, ana uso ambao kamera inaupenda, na baiskeli ni yake. Msichana nilimpata kwenye meza ya nyanya ya mama yake. Ana miaka 20, na nilipomweleza hadithi aliuliza swali moja tu, "Kwa nini hawapigiani simu?" Swali zuri. Nikaenda nyumbani nikaandika onyesho la kijana kuuza simu yake ili anunue unga, na hadithi ikasimama vizuri kuliko mwanzo.

Mama mtu ndiye aliyekuwa mtihani. Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza alinisikiliza huku anapanga nyanya nne nne. Mara ya pili aliomba nimsomee karatasi zote, nami nikasoma, busu likiwemo. Akainua kichwa.

"Mwanangu, wewe una dada?"

"Ninaye, mama."

"Basi kamwandikie yeye huo ukurasa."

Ya tatu nilirudi bila ukurasa huo. Nikamwambia, mama, niambie wewe, zamani mtu alijuaje kijana fulani anampenda? Akacheka mpaka akaziba mdomo kwa kanga. Akasema baba wa huyu binti alikuwa na baiskeli, na kila mtu alimbeba kwa mwendo wake, ila yeye mama alibebwa polepole, tena kwa njia ya mbali. Kabla hajapanda, kiti kilikuwa kinafutwa kwa kitambaa. Wengine walipanda na vumbi lao.

Hapo filamu ikazaliwa upya. Hakuna anayemshika mwenzake mkono ndani ya dakika zote 34. Kuna kitambaa, kuna kiti cha sponji, kuna mwendo wa baiskeli. Na mama mwenyewe nikampa nafasi ya mama wa msichana. Alikubali kwa sharti moja, kwamba asiambiwe cha kusema. Sikumwambia.

Mtu akitaka kupiga picha mji wa mpakani, aanze kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, asianze kwa kamera. Mimi nilianza kwa kamera. Nilisimama karibu na barabara ya malori dakika tano tu, nikaulizwa na wanaume wawili wasiojitambulisha napiga nini na ninampelekea nani. Nikafuta kila kitu mbele yao. Kesho yake nilikwenda kwa mwenyekiti, akaniandikia barua yenye muhuri, nikaipeleka polisi, wakaniambia sawa lakini kituo cha mpaka usikipige. Sawa. Mpaka wangu ukawa kamba moja na mapipa mawili ya mafuta kwenye njia ya vumbi nyuma ya shamba la mihogo, na jirani aliyevaa koti la mvua. Waliotazama baadaye walibishana ni sehemu gani ya mpaka ule. Sikuwaambia.

Jua la huku halina subira. Tuko karibu sana na ikweta, likichomoza linapanda moja kwa moja, na kufika saa nne asubuhi macho ya waigizaji yamekuwa mashimo meusi. Tulipiga kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu, kisha saa kumi na moja jioni mpaka giza. Katikati watu walirudi kwenye biashara zao, jambo lililonisaidia, kwa sababu chakula cha mchana kingenimaliza. Niliwalipa asubuhi kwa chai na rolex, ile chapati ya kuviringishiwa mayai, na walikula kama watu wanaonidai. Walikuwa wananidai kweli.

Picha ikapatikana. Sauti ndiyo iliyonitoa jasho. Malori yanapanga foleni na injini zinanguruma usiku na mchana, kuna mafundi wa kuchomelea, kuna majogoo wasiojua saa. Nilipoketi kusikiliza, maneno ya msichana yalikuwa yamezama kabisa. Nililala siku mbili bila kugusa laptopu.

Dawa tuliipata chumbani kwa mama wa nyanya. Tulisimamisha magodoro mawili ukutani, waigizaji wakajifunika blanketi kichwani pamoja na simu ya kurekodia, wakarudia kila neno huku wanajitazama kwenye laptopu. Joto lilikuwa la tanuri. Tatizo jipya: midomo haikulingana na maneno. Ukimtazama msichana usoni, unaona mdomo unamaliza kusema kabla sauti haijamaliza. Basi nikarudia maonyesho mawili makubwa wakiwa juu ya baiskeli, kamera nyuma yao. Migongo haina midomo. Na hapo ndipo pazuri kuliko kote katika filamu, nasema bila aibu: mgongo wa kijana, mgongo wa msichana, na sauti zao karibu kabisa na sikio. Kelele za malori nilizirekodi peke yake, dakika nne, nikazitandika chini ya kila kitu ili mahali nilipounganisha sauti pasisikike.

Rafiki yangu mwalimu alitaka nisahihishe Kiswahili. Kijana anaongea cha ng'ambo, binti anachanganya Kiluganda na Kisamia, mama anaweka ngeli anavyotaka. Nilikataa. Huyo ndiye msichana wa Busia, ukimsahihisha anakuwa wa mji mwingine.

Tulionyesha kwenye kibanda cha video kule Sofia, mtaa wa hapa hapa Busia, kiingilio shilingi 1,000. Mwenye kibanda alisema sharti awepo VJ, watu hawalipii filamu isiyo na mtu wa kuitafsiri. Nikamwambia iko katika lugha wanayoisema hapo nje! Akasema hata hivyo. Basi VJ akaja na maikrofoni yake, akaipigia kelele filamu yangu tangu mwanzo: "Huyu kijana ana madeni, mtazameni shati!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Mimi nikakaa nyuma, nimejikunja.

Karibu na mwisho kuna sekunde arobaini bila neno. Msichana amesimama upande huu wa kamba, kijana upande ule anafuta kiti ambacho hakuna atakayekikalia. Nilimwona VJ anavuta pumzi. Kabla hajafungua kinywa, sauti ikatoka benchi la mbele, ya mama wa nyanya:

"Wee kijana, nyamaza. Mwanangu anawaza."

Akanyamaza. Kibanda kizima kikanyamaza, tukasikia malori ya kwenye filamu na malori ya barabarani, na hakuna aliyejua yepi ni yepi.